Jinsi ya kuzifikia na kuzisoma karatasi za G. Stanley Hall

Mwanafunzi wa saikolojia, awe Dodoma, Bukavu au Nairobi, hulikuta jina la G. Stanley Hall mapema sana, mara nyingi katika sura inayohusu makuzi ya vijana. Anasoma aya mbili tatu, anajibu swali la mtihani, basi. Wachache huambiwa kwamba barua na karatasi nyingine za mtu huyo zimehifadhiwa, na kwamba mtafiti hahitaji cheo wala umaarufu ili kuziulizia. Anachohitaji ni swali lililonyooka na kujua namna ya kuliuliza.

Karatasi hizo zinatunzwa na Chuo Kikuu cha Clark mjini Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani, katika maktaba yenye jina la Robert Goddard, mwanafizikia wa roketi aliyepata udaktari wake chuoni hapohapo mwaka 1911. Hall alikuwa rais wa kwanza wa Clark, tangu kilipoanza kufundisha mwaka 1889 hadi alipong'atuka mwaka 1920. Kabla ya hapo alipata udaktari Harvard mwaka 1878, ambao huhesabiwa kuwa wa kwanza wa saikolojia nchini Marekani, na mwaka 1887 akaanzisha jarida la taaluma hiyo. Wanasaikolojia wa nchi hiyo walipounda chama chao mwaka 1892, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza.

Kwa hiyo meza moja ilipokea barua za kila aina. Mwalimu anaeleza tabia za watoto darasani kwake, profesa analalamikia mshahara, na mfadhili wa chuo, mfanyabiashara Jonas Clark, anauliza fedha zake zinakwenda wapi. Msiba nao uliingia humohumo: mwaka 1890 mke wa Hall na binti yao mdogo walikufa kwa ajali ya gesi nyumbani, na miaka miwili baadaye walimu wengi wakahamia Chuo Kikuu kipya cha Chicago. Karatasi za mkuu wa chuo huchanganya mambo yake binafsi, ya taaluma yake na ya ofisi, na mara nyingi kumbukumbu rasmi za ofisi huorodheshwa kando na karatasi zake binafsi. Unapoulizia, taja zote mbili. Ukiuliza moja tu, utajibiwa hiyo moja.

Jambo la pili huwaangusha hata watafiti wazoefu. Katika karatasi za mtu, barua nyingi ni zile alizopokea. Zile alizoandika yeye zilisafiri, na leo ziko kwa wapokeaji wake, isipokuwa pale karani alipobakiza nakala. Ukitaka kumsikia Hall akizungumza na mwanasaikolojia William James, uliza pia maktaba ya Houghton ya Harvard, zilipo karatasi za James. Alichomwandikia Daniel Coit Gilman, mkuu wake alipofundisha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kitafute chuoni humo, mjini Baltimore. Karatasi za Sigmund Freud, daktari wa Vienna ambaye Hall aliandikiana naye, ziko Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington.

Ubaya wa kusoma barua mojamoja unaonekana vizuri katika mwaliko wa Freud. Mwishoni mwa mwaka 1908 Hall alimwandikia Vienna, akimwomba aje kutoa mihadhara katika maadhimisho ya miaka 20 ya Clark, Julai 1909. Freud alikataa, kwa kuwa kuwaacha wagonjwa wake mwezi huo kungempunguzia kipato. Anayeishia hapo ataandika kwamba mwaliko ulikataliwa. Lakini barua zinazofuata zinamwonyesha Hall akisogeza maadhimisho hadi Septemba na kupandisha malipo kutoka dola 400 hadi 750. Freud akaja, pamoja na wenzake Carl Jung na Sándor Ferenczi. Alitoa mihadhara mitano kwa Kijerumani, akatunukiwa shahada ya heshima, na hakurudi tena Marekani maishani mwake. Kwa hiyo omba jalada zima, lisome kwa mfuatano wa tarehe, na usianze kuandika hadi ulimalize.

Kwetu sisi wasomaji wa Kiswahili kuna sababu nzito zaidi ya kumfuatilia mtu huyu. Mwaka 1904 alichapisha juzuu mbili kuhusu ujana, na ndani yake akaweka sura inayowaeleza Waafrika na watu wengine waliotawaliwa kuwa ni jamii zilizo bado katika rika la ujana. Ni hoja ya kibaguzi, na haifai kulainishwa. Miaka hiyohiyo aliongoza tawi la Marekani la chama kilichopigania mageuzi Kongo, kikipinga ukatili wa uvunaji wa mpira chini ya utawala wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Miongoni mwa makamu wake walikuwamo mwandishi Mark Twain na mwalimu Booker T. Washington. Tena mwaka 1920, chini ya usimamizi wake, Francis Cecil Sumner akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata udaktari wa saikolojia.

Wako wanaomkumbuka kwa sura ile tu, na wako wanaomtetea kwa Kongo na Sumner. Nionavyo mimi, huruma yake na dharau yake zilitoka chungu kimoja: alitaka Mkongo alindwe kwa sababu alimwona kama kijana asiyekomaa. Huo ni msimamo wangu, na barua ndizo zinazoweza kuutia nguvu au kuubomoa. Atakayelishika swali la Kongo aanze na mwaka 1904 hadi 1908, Ubelgiji ilipolichukua koloni kutoka kwa mfalme. Asiishie Worcester. Karatasi za E. D. Morel, mhimili wa kampeni hiyo upande wa Uingereza, ziko katika maktaba ya London School of Economics, na za Booker T. Washington ziko Maktaba ya Bunge. Ningefurahi sana kuona kazi hiyo ikifanywa na mtafiti wa Kisangani au Lubumbashi.

Hatua ya kwanza ni kusoma mwongozo wa mkusanyo, yaani orodha inayoeleza kila boksi lina majalada gani na ya miaka ipi. Ukishaupitia, mwandikie mtunza nyaraka barua pepe fupi: wewe ni nani, unatafuta nini, miaka gani, boksi na jalada lipi. Kumwandikia "naomba kila kitu kuhusu Hall" ni kumpa mzigo asioweza kuubeba. Mwandikie hivi: "Naomba kujua kama kuna barua kati ya Hall na Sumner za miaka 1917 hadi 1920, na gharama ya kupigiwa nakala za kidijitali." Barua kama hiyo hujibika. Uliza ada mapema, maana hutofautiana, na uliza kama kuna nakala zilizokwisha kupigwa kwa ajili ya mtafiti mwingine.

Wanaoishi Marekani wanaweza kwenda wenyewe, lakini kwa miadi. Katika vyumba vya kusomea nyaraka, begi na kalamu ya wino huachwa nje na penseli huruhusiwa. Utaletewa jalada moja kwa wakati, na karatasi hurudishwa kwa mpangilio uleule ulioukuta, hata kama unaona tarehe zimepishana. Mwambie mtunzaji, usipange mwenyewe. Mikono mikavu na safi inatosha kwa karatasi. Glavu hutumika zaidi kwa picha. Ukiruhusiwa kupiga picha kwa simu, zima mwanga wake, na kila boksi piga kwanza lebo yake, la sivyo baada ya mwezi hutajua barua ipi ilitoka wapi.

Kuona barua hakukupi ruhusa ya kuichapisha. Kwa sheria ya Marekani, maandishi ambayo hayajawahi kuchapishwa hulindwa kwa miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, na mwenye haki ni aliyeandika au warithi wake, si aliyepokea. Hall alifariki mwaka 1924, kwa hiyo maandishi yake ya namna hiyo yako huru. Jung alifariki mwaka 1961: barua yake ambayo haijachapishwa bado inahitaji idhini hadi mwisho wa mwaka 2031. Na katika karatasi za mwanasaikolojia yeyote unaweza kukuta habari za mtoto au mgonjwa kwa jina lake. Hata kama sheria haikukatazi, lifiche jina hilo; hakuna aliyemuuliza mtu huyo kama anataka kusomwa.

Ukinukuu, taja taasisi, jina la mkusanyo, namba ya boksi, namba ya jalada, mwandishi, mpokeaji na tarehe. Yaandike hayo papo hapo, jalada likiwa bado mezani.