Rangi Ndiyo Kazi ya Mwisho: Ya Kufanya na Kutofanya Unapofufua Pikipiki ya Zamani

Pikipiki ya zamani ikitolewa stoo, ikapigwa rangi mpya na kromu ikasuguliwa mpaka mtu ajione uso, kila mpita njia atasimama kuisifu. Lakini kama breki ni zilezile zilizoshikana na kutu, aliyeipaka rangi hajafufua kitu, ameirembesha hatari. Kazi hii ina mpangilio: hati kwanza, kisha breki na injini, kisha umeme, na rangi mwisho wa yote. Anayeupindua mpangilio huo hupoteza fedha, na akiingia barabarani huenda akapoteza zaidi ya fedha.

Mashine za kufufua tunazo. Honda Super Cub zilianza kutengenezwa mwaka 1958. Yamaha AG100, iliyoundwa kwa kazi za shambani, imewabeba mabwana shamba na wauguzi hadi vijiji ambavyo basi halifiki. Honda CG125 ilitoka mwaka 1976. Nyingi zimelala katika stoo za misheni, za halmashauri na za wastaafu. Ukitaka kuufanya ufufuaji huu uwe uraibu wako, karibu. Ila yafuate haya yote, si yale tu yanayokufurahisha.

YA KUFANYA

1. Anza na hati. Kabla ya kutoa senti, omba kadi ya usajili, au logbook kama uko Kenya, na uinamie pikipiki yenyewe. Soma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye shingo ya usukani na namba iliyogongwa kwenye injini, uzilinganishe na karatasi tarakimu kwa tarakimu. Ukikuta namba iliyosagwa, iliyogongwa upya au iliyofunikwa kwa rangi nene, ondoka. Kama mwenye mali amefariki, dai hati ya msimamizi wa mirathi. Mjane au mtoto mwenye nia njema hana mamlaka ya kukuuzia mali ya marehemu bila hati hiyo, na TRA ya Tanzania au NTSA ya Kenya hawatakubadilishia umiliki kwa sababu ya huruma.

2. Chagua pikipiki ambayo spea zake zinapatikana. Anayeanza aanze na CG125 au nyingine ya aina hiyo. Honda waliiundia nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na oili hucheleweshwa kubadilishwa. Ndiyo maana injini yake inatumia fito za kusukumia valvu, si kemu iliyokaa juu ya silinda na kuendeshwa na cheni. Viwanda vya China viliinakili kwa wingi, na bodaboda nyingi za Kichina zinaendeshwa na injini za ukoo huo. Kwa hiyo gasketi, ringi na sahani za klachi unaweza kuzipata Kariakoo jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au soko la Kisekka jijini Kampala. Lakini usinunue kwa jina pekee. Silinda ya CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5, ile ya nakala za 150 ina milimita 62. Nenda dukani na kifaa cha zamani mkononi, ukilinganishe pale pale kwenye kaunta.

3. Piga picha na weka daftari. Kila kitu kipigwe picha kabla hakijafunguliwa, hasa njia za waya na za kebo. Kila kundi la nati liwe na mfuko wake, na mfuko uandikwe zilikotoka: "kifuniko cha klachi, kulia". Bolti za kifuniko kimoja huwa na urefu tofauti. Ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi, inapasua bodi ya injini unapoikaza.

4. Tumia bisibisi sahihi. Hapa ndipo wanaoanza huharibu mashine za Kijapani siku ya kwanza. Itazame skrubu ya kifuniko cha injini: ina msalaba, na mara nyingi ina nukta ndogo pembeni mwa msalaba huo. Hiyo ni skrubu ya kiwango cha Kijapani, JIS, na msalaba wake haukukatwa sawa na wa Phillips. Bisibisi ya Phillips itaingia na kuonekana imekaa, lakini ukiizungusha kwa nguvu itaruka na kuuchubua msalaba mpaka uwe shimo la duara. Nunua bisibisi za JIS, pamoja na ile ya kugongwa kwa nyundo, ambayo huisukuma skrubu ndani huku ikiizungusha. Skrubu iliyogoma iwekee oili ya kupenya, uiache ilale hadi kesho yake.

5. Pima, usikisie. Silinda hupimwa kwa geji juu, katikati na chini, kwa pande mbili zinazokatana. Kidole hakipimi. Ikiwa imelika, pistoni za saizi ya juu hupanda kwa robo ya milimita: 0.25, 0.50, 0.75, 1.00. Nunua pistoni kwanza, kisha umpelekee fundi wa mashine achonge silinda kwa kuifuata pistoni hiyo. Nafasi ya valvu za CG125 ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Kwa zile za mwanzo zenye platini, mwanya wake ni kati ya milimita 0.3 na 0.4. Namba hizi ziandike ukutani.

6. Safisha tangi kabla ya kufikiria kuwasha. Petroli iliyokaa miaka huacha utando unaonata, na maji yaliyojitenga chini huzaa kutu. Kutu hiyo ikishuka, inaziba kabureta na kukwaruza silinda. Livue tangi, mwaga petroli nje, mbali kabisa na moto. Toa koki, ziba tundu lake, jaza siki nyeupe na uiache siku mbili. Tumbukiza nati chache, utikise, umwage. Kisha suuza kwa maji yenye magadi soda ili kuua ukali wa siki, usuuze tena kwa maji safi, na ukaushe papo hapo. Hesabu nati zote zimetoka. Malizia kwa kuzungusha oili nyepesi ndani. Ukienda kula kabla ya hatua hiyo ya mwisho, utarudi na kukuta chuma kilicho wazi kimeanza kushika kutu upya.

7. Fedha ya kwanza iende kwenye breki na matairi. Tairi lina umri wake hata kama kashata zake hazijalika. Tafuta msimbo ubavuni: tarakimu nne, kama 2315, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015. Ukikuta tarakimu tatu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Litupe, hata kama linaonekana jipya. Badilisha breki shuu, kebo, beringi za magurudumu na spoki zilizolika.

8. Mtafute fundi mzee na umlipe. Wapo waliofungua AG100 na CG125 zilipokuwa mpya. Wanajua mlio wa beringi ya krenki inayokufa kabla haijafa. Kaa naye, shika taa, uliza, na ulipe muda wake kama unavyolipia spea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

YA KUTOFANYA

1. Usiibomoe yote kwa siku moja. Pikipiki nyingi zilizoanzwa kwa shauku huishia kuuzwa ndani ya maboksi. Fungua sehemu moja, imalize, uifunge, ndipo uende kwa nyingine.

2. Usiipige kiki injini iliyolala miaka. Ringi huenda zimeshikana na silinda. Toa plagi, mimina oili kidogo kwenye tundu lake, uiache hata siku kadhaa. Kisha ingiza gia ya juu na uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono, polepole. Ikigoma, usitumie nguvu: fungua kichwa cha silinda utazame.

3. Usipulize vumbi la breki. Breki shuu za miaka hiyo nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Weka kompresa pembeni. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, funga kitambaa hicho kwenye mfuko na ukitupe. Watoto wasikae karibu.

4. Usilichomelee tangi. Tangi lililokaa wazi wiki nzima bado lina mvuke wa petroli, na mvuke ndio unaolipuka. Tundu la tangi ni kazi ya mtu mwenye ujuzi na vifaa vya kuondoa mvuke wote. Yeyote anayekuambia "hili limekauka, lete nitachomea" usimpe.

5. Usiipige mchanga injini iliyofungwa. Chembe huingia kwenye njia za oili, na huwezi kuzitoa zote. Utawasha, itanguruma vizuri, na beringi zitalika ndani ya muda mfupi. Aluminiamu isafishwe kwa brashi laini, mafuta ya taa na subira.

6. Usichanganye volti. CG125 za mwanzo zina umeme wa volti 6. Balbu ya volti 6 kwenye volti 12 huungua mara moja. Ya volti 12 kwenye volti 6 huwaka kama kibatari, na usiku huoni shimo. Ukitaka kuhamia volti 12, badilisha mfumo wote kwa mchoro, au uache kama ulivyo.

7. Usikosee oili. AG100 ni ya mipigo miwili na ina tangi lake la oili na pampu. Ukiifungua pampu hiyo, toa hewa yote kabla ya kuwasha, na petroli ya kwanza ichanganye na oili ya mipigo miwili kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Hewa kidogo kwenye mrija inatosha kuigandisha pistoni.

8. Usikate fremu wala usitupe kifaa cha asili. Kukata mkia wa fremu ili ifanane na pikipiki za mashindano ni kuiondolea nguvu na historia kwa msumeno mmoja. Madigadi yaliyobonyea yanyooshwe. Mita iliyokufa ihifadhiwe, kwani ipo siku atapatikana wa kuitengeneza.

9. Usipake rangi kabla haijatembea. Mashine itafunguliwa tena baada ya majaribio ya kwanza. Lazima, kwa sababu patavuja mahali. Spana itaichubua rangi uliyoilipia, na breki yenye majimaji ikivuja juu yake itaibabua.

10. Usiijaribu kwenye barabara kuu. Anza kiwanjani, ukiwa na kofia ngumu na viatu vilivyofunika vifundo. Funga breki mara kumi ukiwa kwenye mwendo wa mtu anayekimbia kabla ya kuongeza kasi. Ukirudi, kaza spoki na bolti zote upya, na mwaga oili ya kwanza mapema, kwa kuwa imebeba masizi na chembe za chuma. Bima na usajili viwe tayari kabla ya kuvuka geti.

11. Usiifufue kisha uifungie. Petroli ikikaa miezi ndani ya kabureta, inaziba vijitundu vilevile ulivyovizibua. Iendeshe kila wiki, na ukisafiri funga koki na umwage mafuta ya kabureta. Pikipiki hizi ziliundwa kufanya kazi, na beringi, sili na breki zake hudumu zikitumika. Kama huna nia ya kuipanda, usiinunue, mwachie atakayeipanda.