SOMO LA UFUNDI: KUCHAGUA SAMPO YA GIABOKSI



Somo letu la leo linawahusu hasa wenzetu madereva na mafundi wa gereji, lakini hata mwenye kazi kiwandani au shambani atafaidika nalo, kwa kuwa wengi wetu tunaweka akiba ili siku moja tununue gari dogo la mitumba kutoka Japani lituongezee kipato. Magari hayo hushushwa bandarini Dar es Salaam, na mengi yanayokuja kwetu huingia kwa mpaka wa Kobero.

Kilichotufanya tuandike ni kesi ya dereva mwenzetu. Alikuwa akiendesha Toyota Mark II ya tajiri mmoja kati ya Muyinga mjini na Kobero. Tajiri alilitaka gari liwe la kasi. Injini iliongezwa nguvu, springi zikakatwa ili gari likae chini, na chini ya giaboksi ikafungwa sampo mpya ya alumini, yenye kina na mapezi, inayong'aa kama sahani ya harusi. Siku moja, gari likiwa na abiria watano waliobanana, sampo iligonga jiwe ikapasuka. Oili ilimwagika yote, na kabla ya dereva kufahamu, giaboksi ikaungua. Akaambiwa ailipe kwa kukatwa mshahara.

Je, kosa lilikuwa la nani? Ili tujibu swali hilo lazima kwanza tujue sampo ni kitu gani.

Sampo, ambayo mafundi waliojifunza kazi kwa Kifaransa huiita karteri, ni bakuli lililofungwa kwa boliti chini ya giaboksi ya otomatiki. Oili yote inayozunguka ndani hurudi humo. Ndani ya bakuli huning'inia filta, na pampu hunyonya oili kupitia filta hiyo. Oili ya otomatiki haifanyi kazi ya kulainisha tu. Ndiyo inayosukuma klachi za ndani zishike, ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kupitia konveta, na ndiyo inayobeba joto kwenda kupoozwa kwenye rejeta. Kwa hiyo oili ikikosekana gari haliendi, na likilazimishwa kwenda klachi zinaungua. (Malori makubwa mnayoyaona yamepanga foleni Kobero mengi ni ya gia za mkono, na somo hili haliyahusu.)

Adui mkubwa wa oili hiyo ni joto. Katika hali ya kawaida hufanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi. Mafundi wana kanuni yao ya kukadiria: kila joto linapopanda nyuzi 10 au 11 juu ya kiwango hicho, maisha ya oili hupungua nusu. Gari la kasi lenye injini iliyoongezwa nguvu, likipanda milima yetu na mzigo, hutoa joto jingi, maana konveta huteleza sana. Hapo ndipo wauzaji wa vipuri wanapokuja na sampo yenye kina. Husema: ukiongeza lita 2 za oili, giaboksi itapoa.

Tuwe waangalifu na maneno hayo. Oili zaidi huchelewa kupata moto, kama sufuria kubwa ya maji inavyochelewa kuchemka kuliko ndogo kwenye moto uleule. Lakini kuchelewa si kupoa. Ukipanda mlima kwa nusu saa, sufuria zote mbili zitachemka. Kinachotoa joto nje hasa ni rejeta ya oili, na mwenye gari la nguvu akitumia fedha zake kuongeza rejeta ndogo ya pili mbele ya gari atapata faida kubwa kuliko yule aliyenunua sampo. Mapezi ya alumini husaidia kiasi, iwapo upepo unayafikia. Yakishajaa matope ya masika ni pambo tu.

Sasa tuje kwenye chuma na alumini, maana hapa wengi hukosea. Alumini nene iliyosubuliwa ina sifa zake: hupitisha joto vizuri kuliko chuma, haipindi, na mdomo wake ukiwa umesawazishwa haivujishi. Lakini ikigongwa kwa nguvu hupasuka, na ufa wake hauzibiki kando ya barabara. Bati la chuma, kama lile la kiwandani, hubonyea, na fundi anaweza kulinyoosha kwa nyundo. Hata hivyo bati nalo lina hila yake. Likibonyea sana hupanda juu likaigusa filta na kuziba njia ya kunyonya. Dereva huinama, haoni hata tone moja chini, anafurahi, anaendelea na safari. Kilomita chache baadaye giaboksi imekufa kwa njaa ya oili, na oili yote imo ndani. Kwa hiyo ukigonga jiwe, usitazame tone peke yake, tazama na umbo la sampo. Nazo zile sampo za bati jembamba zilizopakwa kromu, kwa maoni yetu, hazifai kabisa kwa mtu anayefanyia gari kazi. Mdomo wake aghalabu haukunyooka. Ukitaka kuijaribu dukani, iweke mdomo chini juu ya kioo bapa, kisha jaribu kupitisha karatasi. Karatasi inapopita, oili nayo itapita.

Kabla ya kununua pima kimo. Pakia gari watu na mizigo kama siku ya kazi, kisha pima kutoka ardhini hadi sehemu iliyo chini kabisa. Gari la Mark II lililokatwa springi lina nafasi ndogo tayari, na sampo yenye kina hushuka sentimita kadhaa zaidi. Lile la mwenzetu tulilipima likiwa na watu ndani: zilibaki sentimita 9. Jiwe la ukubwa wa ngumi mbili linatosha. Hebu tukumbuke mashindano ya Safari huko Kenya, yaliyoanza mwaka 1953. Magari yale ya kasi hayakushushwa yalambe ardhi. Yaliinuliwa na kuvalishwa bamba nene tumboni, kwa sababu watengenezaji walijua njia zetu. Bamba kama hilo fundi yeyote wa kuchomea aweza kulitengeneza, ila aache matundu ya upepo na ya kufikia nati ya kumwagia oili.

Hakikisha pia sampo ni ya giaboksi yako. Kuhesabu matundu ya boliti hakutoshi. Huko Marekani, ambako biashara ya sampo za namna hii imekua sana, giaboksi mbili mashuhuri za General Motors, TH350 na TH400, zote zina boliti 13, lakini sampo ya moja haikai kwenye nyingine kwa kuwa maumbo ni tofauti. Chukua gasketi ya zamani uilinganishe juu ya sampo mpya. Uliza kama sampo yenye kina imekuja na kirefusho cha filta, kwani filta ikibaki juu, ile oili ya ziada iliyo chini yake haikukingi sana siku inapovuja. Angalia isikaribiane na bomba la ekzosi. Na iwe na nati ya kumwagia pamoja na sumaku ndani. Bila nati, kila ukibadilisha oili utaoga.

Katika kufunga, boliti nyingi za Toyota ni ndogo, za spana namba 10. Zikaze kwa msalaba, kwa nguvu ya kiganja, si ya bega. Usijaze silikoni kama saruji, maana inayobanwa kuelekea ndani hukatika ikaziba filta. Kipimo cha oili husomwa gari likiwa mahali tambarare, lina moto, injini inanguruma, na lever imepitishwa kwenye gia zote kisha kurudishwa P. Tumia aina ya oili iliyoandikwa kwenye kijiti au kitabu cha gari, si ile iliyopo dukani siku hiyo.

Dereva wa gari la mtu mwingine azingatie jambo moja zaidi. Sampo ikifunguliwa huwa shahidi. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma, au unga uliorundikana mnene, ni ugonjwa wa muda mrefu, na mtu aliyelishika gari wiki mbili hawezi kubebeshwa peke yake. Kwa hiyo giaboksi ikifa, usikubali ifunguliwe usipokuwepo. Na siku ya kupokea gari andika kwenye daftari tarehe, kilomita, kimo cha oili na rangi yake, na kama sampo imebadilishwa, kisha mwenye gari atie sahihi.

Mwenzetu hakuwa na daftari. Lakini tulipomwonyesha tajiri kipimo cha sentimita 9, na springi zilizokatwa kwa amri yake mwenyewe, alikubali kuibeba gharama ya giaboksi. Dereva alipoteza mshahara wa siku ambazo gari lilisimama. Gari lilifungwa giaboksi ya mitumba, springi zikabadilishwa, na ile sampo ya bati ya kiwandani ikatafutwa stoo, ambako ilikuwa imewekewa misumari, ikaoshwa na kurudishwa mahali pake.