Kabla Hujapima Kostiki

Wadogo zangu mnaopika sabuni na kukoroga losheni nyumbani, swali linalonifikia kila mara ni moja: dada, nitumie kikokotoo kipi? Jibu kwanza, maelezo yafuate. Kwa sabuni, chagua kinachokuonyesha kila aina ya mafuta inakula kostiki kiasi gani, na kinachokuruhusu kubadilisha akiba ya mafuta, yaani yale yanayobaki bila kuliwa na kostiki, utakavyo. SoapCalc ya mtandaoni inafanya hivyo, tena bure. Kwa krimu na losheni, usiiguse kabisa.

Naing'ang'ania namba ya kila mafuta kwa sababu mafuta hayafanani. Kilo moja ya mafuta ya nazi inakula karibu gramu 183 za sodiamu haidroksaidi, ile kostiki ya sabuni ngumu. Mawese yanakula kama 142, alizeti 135, nyonyo 128. Sasa mtu ana vipimo vya sabuni ya nazi tupu, bei ya nazi inapanda, anaweka alizeti kilo kwa kilo na kostiki anaiacha vilevile. Hata kama vipimo vyake viliacha asilimia 5 ya mafuta kama akiba, katika kila kilo amebakiza karibu gramu 40 za kostiki ambayo haikupata mafuta. Sabuni hiyo itamchubua mteja. Ndiyo maana sipendi vile vikokotoo vinavyokutolea jibu moja bila kuonyesha limetoka wapi: huwezi kugundua kosa usiloliona.

Mchikichi nao unawaponza wengi. Mti mmoja, mafuta mawili: mawese yanatoka kwenye nyama ya tunda, mise inatoka kwenye kokwa, na mise inakula kostiki kama gramu 176 kwa kilo. Kwenye orodha ya kikokotoo, Palm Oil ni mawese, Palm Kernel Oil ni mise. Ukibonyeza mise ilhali chunguni umemimina mawese, umezidisha kostiki zaidi ya gramu 30 kwa kila kilo. Soma jina lote hadi mwisho, tafadhali.

Halafu kuna lita. Sokoni tunauziwa mafuta kwa lita, kikokotoo kinahesabu uzito. Lita moja ya mafuta ina takribani gramu 920. Ukijaza 1000 kwenye kikokotoo kwa lita hiyo, mafuta yamepungua asilimia 8 kabla hata hujaanza. Kawaida tunaacha asilimia 5 ya mafuta bila kuliwa na kostiki, ili sabuni isikaushe ngozi. Hapo akiba yote imekwenda, na kostiki imezidi juu yake. Umefuata kikokotoo neno kwa neno na sabuni bado inawasha. Kwa hiyo mimina mafuta kwenye mizani, uandike gramu ulizoziona.

Hiyo asilimia 5 nayo si amri. Sabuni ya nazi tupu ya kuogea hukausha sana, na wapishi wengi huiachia asilimia 15 hadi 20. Ya kufulia haihitaji akiba kubwa.

Anayetengeneza sabuni ya maji kutokana na mafuta anatumia potasiamu haidroksaidi, na inahitajika nyingi zaidi, kama mara 1.4 ya ile nyingine. Mara nyingi huuzwa ikiwa na usafi wa asilimia 90, hivyo kikokotoo chako lazima kiwe na mahali pa kuonyesha usafi huo. Wale mnaotengeneza sabuni ya maji kwa salfoniki na ungaroli, hesabu yenu ni nyingine kabisa. Kikokotoo cha mafuta hakiwasaidii.

Sasa krimu. Hapa hakuna mafuta yanayogeuzwa na kostiki. Kuna asilimia zinazopaswa kufika 100 kamili. Tuseme maji 75, mafuta 15, kiunganishi cha maji na mafuta 5, gliserini 4, kihifadhi 1. Jedwali la Excel linatosha: andika asilimia, zidisha kwa uzito unaotaka, basi. Nawasihi hasa kuhusu kihifadhi. Krimu yenye maji bila kihifadhi huota ukungu na bakteria, na kikizidi kinaudhi ngozi. Fenoksiethanoli, kwa mfano, Ulaya hairuhusiwi kuzidi asilimia 1. Kwa krimu ya gramu 200, hiyo ni gramu 2 tu, na mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima haiwezi kuipima kwa uhakika. Tafuta inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, au ndogo zaidi.

Hesabu ya sabuni mpya ipitishe kwenye vikokotoo viwili kabla ya kufungua kostiki. Vikipishana gramu moja au mbili, chukua namba ndogo. Vikipishana zaidi, simama, utafute ni mafuta gani uliyochagua vibaya. Na yeyote asiye na mizani bado, aanze na hiyo kabla hata ya kununua mafuta.