Kimea na Kazi Yake Katika Uji

Mtoto atimizapo miezi sita, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena, na katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki huanza kupewa uji. Lakini uji una shida mbili. Ukiwa mzito, mtoto hushindwa kuumeza, akauacha baada ya vijiko vichache. Ukiongezwa maji hata ukawa mwepesi, humezwa upesi, lakini tumbo lake dogo hujaa maji, na unga uliomo ni haba. Mtoto alishwaye hivyo kila siku hulala ameshiba, kumbe anakonda.

Msaada wa shida hiyo umo katika nafaka yenyewe, nao ni kimea. Kimea ni mbegu za ulezi, mtama au nafaka nyingine zilizolowekwa maji, zikaachwa kuota, kisha zikakaushwa na kusagwa. Ili kufahamu nguvu yake, yapasa kwanza kuujua unga.

Sehemu kubwa ya unga wa nafaka ni wanga. Wanga umeumbwa kwa chembe ndogo mno za sukari, zilizoshikamana mfano wa shanga katika uzi mrefu. Nyuzi hizo zimefungamana katika punje zisizoyeyuka katika maji baridi. Koroga unga katika maji baridi, uuache utulie. Utauona umezama chini. Lakini maji yakipata moto, punje huyanywa na kuvimba, na nyuzi zake hutawanyika zikayashika maji. Ndiyo sababu uji huwa mzito.

Wanga huo ni akiba ya mche mchanga, ambao bado hauna majani ya kujilisha. Lakini mche hauwezi kutumia nyuzi ndefu. Basi maji yaingiapo katika mbegu, kiini huamka, na mbegu hufanya kitu kiitwacho amilasi, ambacho ni mojawapo ya vimeng'enya. Amilasi hukata nyuzi za wanga vipande vipande, hata zikawa sukari iyeyukayo. Kila pakatwapo, chembe moja ya maji hugawanyika, sehemu moja ikashika upande huu, na sehemu nyingine upande ule. Kwa hiyo pasipo maji kazi hii haifanyiki. Nayo amilasi haiishi kwa kukata. Imalizapo mahali pamoja huenda pengine. Ndiyo maana kimea kidogo hutosha sufuria nzima.

Mwaka 1833, huko Ufaransa, wataalamu Anselme Payen na Jean-François Persoz walikitoa kitu hicho katika kimea cha shayiri, wakaona jinsi kigeuzavyo wanga kuwa sukari. Mate ya mtu yana amilasi pia: ukitafuna kipande cha ugali kwa muda mrefu, utaonja utamu.

Vimeng'enya karibu vyote ni protini, na moto mkali huviharibu, kama ute wa yai ugandavyo ukipikwa, usirudi tena kuwa kama kwanza. Atiaye kimea katika uji unaotokota amekipoteza bure. Kwanza uji upikwe mzito hata uive. Kisha uepuliwe, upoe kidogo, ndipo kitiwe kijiko cha unga wa kimea na kukorogwa vema. Baada ya dakika chache uji hulainika, ingawa halikuongezwa hata tone la maji. Mwisho urudishwe motoni uchemke tena, ili vijidudu vilivyoingia pamoja na kimea vife.

Tena kuna hadhari. Machipukizi ya mtama yana sumu. Yaondolewe yote pamoja na mizizi kabla ya kusaga. Kimea kilichoota ukungu kitupwe.

Hivyo katika bakuli moja mtoto hupata unga mwingi, naye huumeza bila taabu. Lakini kimea hakileti chakula kipya, hufungua tu kilichomo. Mtoto angali ahitaji maziwa ya mama, na maharagwe, karanga, mboga na matunda.

MASWALI
1. Kwa nini uji mwepesi ulioongezwa maji haumfai mtoto?
2. Maji yana kazi gani wanga unapokatwa?
3. Kwa nini kimea hakitiwi katika uji unaotokota?
4. Kwa nini uji huchemshwa tena mwisho?