Somo la 12: Kuchora Mpaka wa Mafuriko

Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam. Bonde la Mto Msimbazi lilifurika, na zaidi ya watu 40 walikufa mjini humo. Baada ya maafa kama hayo watu huuliza: Maji hufika wapi? Nyumba ipi imo hatarini?

Wataalamu hukadiria kwa kompyuta kina cha maji ya mafuriko. Kompyuta huigawa nchi katika miraba iliyo sawa, na kila mraba hupewa namba moja, yaani kina cha maji kwa mita. Hii ni ramani ya miraba. Tazama mfano huu. Kila upande wa mraba ni mita 30.

0 0 0 1 0
0 0 1 2 1
0 1 3 2 0
1 2 2 0 0
0 1 0 0 0

Mwenyekiti wa mtaa hawezi kuwaonyesha watu namba tupu. Yeye hutaka mstari, ili ahesabu nyumba zilizo ndani yake. Kwa hiyo ramani ya miraba hugeuzwa kuwa ramani ya mistari.

Fanya hivi. Nakili miraba hiyo katika daftari lako. Maji ya kina cha mita 1 humfika mtoto wa umri wako kifuani. Basi penye namba 1 au zaidi, futa namba uandike H, yaani hatari. Penye 0 acha wazi. Sasa izungushie miraba ya H mstari wa penseli, bila kukata mraba wo wote katikati. Je, umepata umbo moja lenye miraba 11?

Programu ya kompyuta iitwayo QGIS hufanya kazi iyo hiyo. Huunganisha miraba inayogusana yenye namba sawa, kisha huchora mpaka wake. Usipozigeuza kwanza namba za hatari ziwe alama moja, itakuchorea vipande vingi ovyo.

Mpaka wako una ngazi, ingawa maji hayaendi kwa ngazi. Waweza kuulainisha upendeze, lakini hujaongeza ujuzi wo wote. Ndani ya mraba mmoja nyumba moja huweza kujaa maji na ya jirani ikabaki kavu. Namba ni ile ile.

Maswali
1. Eneo la umbo lako ni mita za mraba ngapi?
2. Chora tena, ukiandika H penye namba 2 au zaidi tu. Ni miraba mingapi iliyobaki ndani?
3. Wakazi wa miraba iliyoachwa nje utawaambia nini?