Nyigu, Siki na Somo la Asidi na Alikali

Katika Mkoa wa Mtwara mvua huanza mwezi wa Novemba au Desemba na kukoma mwezi wa Aprili au Mei. Zinapokoma, nyasi na vichaka huwa vimefikia kimo cha mtu. Kazi kubwa inayowakabili wakulima wa Lupaso, wilayani Masasi, na wenzao wa Newala kule juu kwenye uwanda wa Makonde, ni kufyeka: kufyeka chini ya mikorosho kabla haijatoa maua, kufyeka kandokando ya nyumba, na kufyeka viwanja vya shule. Kazi hii ya mwisho hufanywa na wanafunzi wenyewe. Ni wakati huo ambapo fyekeo hugonga kijiti kilichobeba kiota cha nyigu, na kabla mtu hajajua kilichotokea huwa ameumwa mara tatu au nne usoni na shingoni.

Mwanafunzi aliyesoma kemia atatoa haraka jibu la kitabu. Sumu ya nyuki, husema vitabu vingi, ni asidi, kwa hiyo ipakwe magadi; sumu ya nyigu ni alikali, kwa hiyo ipakwe siki au maji ya limau. Asidi na alikali zikikutana hubatilishana, na maumivu hukoma. Jibu hili limewapatia wanafunzi wengi alama katika mitihani. Kwa aliyeumwa halina faida, na kwa sababu humpa mwalimu imani kwamba tiba imekwisha kutolewa, laweza hata kuwa na madhara. Yafaa basi kuchunguza nyigu ni mdudu gani, na mwiba wake hufanya nini hasa.

Jina la nyigu hutumika kwa wadudu wengi. Wako wale wafinyanzi wapweke ambao hujenga vijumba vya udongo ukutani na kuvijaza viwavi au buibui kwa ajili ya watoto wao. Hao ni wapole, na ni nadra kumuuma mtu asiyewashika kwa mkono. Wanaowasumbua wafyekaji ni nyigu waishio kwa jamii, hasa wa jenasi za Belonogaster, Polistes na Ropalidia. Belonogaster hutambulikana kwa kiuno chake kirefu chembamba kama uzi, na kwa miguu inayoning'inia anaporuka. Viota vyao hufanywa kwa karatasi halisi: nyigu hukwangua nyuzi za mti mkavu, huzitafuna na kuzichanganya na mate, kisha huunda sega lenye vyumba vya pembe sita linaloning'inia kwa kikonyo kimoja chini ya tawi, jani pana au upenu wa nyumba. Mavu wakubwa wa jenasi ya Vespa, ambao mwaka 2013 waliua watu zaidi ya 40 katika jimbo la Shaanxi nchini China, si wenyeji wa Tanzania. Habari zao zisiwatie watu hofu isiyo na sababu.

Mwiba wa nyigu ni kiungo cha kutagia mayai kilichobadilika kuwa silaha. Ndiyo maana madume hawaumi. Mwiba wa nyuki una meno yaliyopinda kama ya ndoana, hunasa katika ngozi ya mtu na kung'oka pamoja na kifuko cha sumu, na nyuki mwenyewe hufa. Mwiba wa nyigu hauna meno ya kunasa namna hiyo, kwa hiyo nyigu mmoja aweza kudunga, kuchomoa na kudunga tena. Nyuki akimuuma mtu huingiza takriban mikrogramu 50 hadi 140 za sumu. Nyigu wa jenasi ya Polistes huingiza mikrogramu 4 hadi 17 tu. Ili kupata uzito wa kijiko cha chai cha sukari, yaani gramu 4, ingehitajika miiba ya nyigu hao zaidi ya 200,000. Kitu kidogo kiasi hicho chawezaje kumliza mtu mzima?

Sababu si asidi wala alikali. Kipimo cha pH cha sumu ya nyigu ki karibu na 7, yaani karibu sawa na maji safi. Sumu ya nyuki ni kweli ina asidi kidogo, lakini kinachochoma si asidi hiyo, bali ni melittini, kijiprotini kinachofanya karibu nusu ya uzito wa sumu kavu na ambacho hutoboa kuta za seli. Sumu ya nyigu ina histamini na serotonini, ambazo huamsha neva za maumivu na kupanua mishipa midogo ya damu. Ina kinini, ambazo huongeza uchungu na uvimbe. Na ina vimeng'enya vinavyoyeyusha gundi iliyo kati ya seli ili sumu ienee. Kila moja ya kemikali hizi hufanya kazi kwa sababu umbo lake hulingana na mahali fulani katika seli, kama ufunguo unavyolingana na kufuli. Tone la siki halibadilishi umbo la ufunguo huo.

Hata kama sumu ingekuwa alikali kali, siki isingeifikia. Sumu imewekwa ndani ya nyama, chini ya tabaka la juu la ngozi ambalo kazi yake ni kuzuia vitu vya nje visipenye. Tena maji ya mwilini yenyewe hulinda pH yake isiyumbe, nayo katika damu hubaki karibu na 7.4. Mwili humaliza kazi ya kusawazisha asidi na alikali kabla mtu hajafika jikoni kutafuta chupa ya siki. Anayepata nafuu baada ya kupakwa siki hupoozwa na ubaridi wa maji yake. Maji ya mtungini, ambayo hupoa kwa mvuke unaotoka kwenye kuta za mtungi, yangemfaa vilevile.

Mwalimu wa Masasi anayetaka mfano wa asidi kubatilishwa hana haja ya kuutafuta mbali. Wakulima wa korosho hupuliza unga wa salfa juu ya mikorosho ili kuzuia ubwiriunga. Sehemu ya unga huo huanguka ardhini, ambako bakteria huugeuza polepole kuwa asidi ya salfuriki. Udongo wa kichanga, ambao ni mwingi katika nchi hiyo, hauna uwezo mkubwa wa kuihimili asidi hiyo, na dawa yake ni chokaa. Hapo mlinganyo wa kemia ni wa kweli na unahusu mali ya wazazi wa wanafunzi wenyewe. Kwa upande wa tiba, vidonge vya magnesiamu vinavyotuliza kiungulia vyatosha.

Kwa watu walio wengi habari ya nyigu huishia kwenye uvimbe, wekundu na mwasho ambavyo hupungua baada ya siku moja au chache. Mahali palipoumwa paoshwe kwa maji na sabuni, pawekwe kitambaa cha maji baridi, na pete au bangili zivuliwe kabla mkono haujavimba. Ikiwa aliyeuma ni nyuki, mwiba uondolewe mara moja kwa njia yoyote iliyo karibu. Kuchelewa huzidisha sumu kuliko namna ya kuung'oa. Kuchanja kwa wembe au kunyonya jeraha hakutoi sumu, na huleta vidonda.

Lakini wako watu wachache ambao kwao mwiba mmoja ni hatari ya kifo. Jambo hili lilianza kueleweka mwaka 1902, wakati Charles Richet na Paul Portier wa Ufaransa walipokuwa wakiwadunga mbwa sumu ya wanyama wa baharini. Walitarajia kwamba dozi ya kwanza ingewajengea mbwa kinga. Badala yake, mbwa aliyeivumilia dozi ya kwanza bila shida alikufa haraka alipopewa dozi ndogo wiki chache baadaye. Richet aliita hali hiyo anafilaksia, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Mnamo miaka ya 1966 na 1967 watafiti waliokuwa Marekani na Sweden walitambua kingamwili inayohusika, iitwayo IgE. Mtu aliyepata kuumwa zamani aweza kuwa amejitengenezea kingamwili hiyo bila kujua. Anapoumwa tena, seli zake mwenyewe humwaga histamini mwili mzima kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kusema kwamba fulani aliumwa mwaka jana wala hakudhurika si hakika ya usalama wake mwaka huu.

Dalili huanza mara nyingi katika dakika chache, na kwa kawaida ndani ya nusu saa: vipele vinavyowasha mahali pasipoumwa, midomo na ulimi kuvimba, sauti kukwama, kifua kubana, kutapika, kizunguzungu, kuzimia. Dawa yake ni adrenalini, idungwayo na mhudumu wa afya katika msuli wa paja, upande wa nje. Kwa mtu mzima miligramu 0.5. Vidonge vya kupunguza mwasho haviwezi kushika nafasi yake. Wakati wa kungoja, mgonjwa alazwe chali na miguu iinuliwe. Anayepumua kwa taabu aachwe aketi. Aliyepoteza fahamu alazwe kwa ubavu. Asiinuliwe ghafla wala kuambiwa atembee, maana shinikizo la damu likiwa limeshuka, kusimama peke yake kwaweza kuusimamisha moyo. Hili ni gumu vijijini, ambako chombo kilicho karibu mara nyingi ni pikipiki. Gari likipatikana ambamo mgonjwa aweza kulala, hilo ndilo litumike. Hospitali za Mkomaindo na Ndanda ziko wilayani, lakini katika hali hii ni zahanati iliyo karibu inayohesabiwa, na mwalimu mkuu angefanya vema kuuliza huko kama adrenalini ipo kabla siku ya kufyeka haijafika.

Hatari ya pili ni ya miiba mingi. Aliyeumwa na makumi kadhaa ya nyigu au nyuki, hasa akiwa mtoto, apelekwe hospitali hata kama anaonekana mzima, kwani sumu hupasua seli za misuli na za damu, na mabaki yake huziba figo siku moja au mbili baadaye.

Kufyeka kwenyewe kwaweza kupangwa vizuri zaidi. Kabla ya kazi, mtu mzima mmoja azunguke uwanja taratibu akitazama chini ya majani mapana na matawi ya kimo cha kifua. Nyigu wanaoingia na kutoka mahali pamoja huonyesha kiota kilipo, na kijiti chenye kitambaa kisimikwe hatua kadhaa kutoka hapo. Anayeshambuliwa aondoke upesi, akifunika uso, bila kupunga mikono na bila kumponda mdudu. Nyuki anapouma huacha harufu inayowaita wenzake; kemikali yake kuu ni asetati ya isopentili, esta ileile inayotoa harufu ya ndizi mbivu. Baadhi ya nyigu wa Polistes nao wana kemikali za namna hiyo katika sumu yao.

Kuchoma kiota kwa moto mikoroshoni ni kosa. Nyasi zimeanza kukauka, na mkorosho ulioungua huchukua miaka kurudi. Tena nyigu hawa huwalisha watoto wao viwavi waliotafunwa, viwavi walewale wanaokula majani ya mimea shambani. Wakulima wa kusini wanakwisha kufahamu jambo linalofanana na hilo kwa majimoto, ambao huuma sana lakini, kama utafiti wa Naliendele ulivyoonyesha, huwapunguza mbu wa mikorosho. Kiota kilicho mlangoni mwa darasa au juu ya njia hakina budi kuondolewa, na kazi hiyo ifanywe usiku na mtu mzima aliyejifunika vizuri. Kilicho mbali juu ya mti chaweza kuachwa.