Maboksi ya Kofia Yaliyogeuka Masanduku ya Kura: Somo Kutoka Maisha ya Louise Weiss

Katika somo letu la leo tutaangalia maisha ya mama mmoja wa Ufaransa aitwaye Louise Weiss. Alikuwa mwandishi wa habari, mtetezi wa haki za wanawake, na katika uzee wake akawa mbunge.

Wengi wetu hudhani ya kwamba nchi za Ulaya ziliwapa akina mama kura zamani sana, tena bila taabu. Kumbe sivyo. Ufaransa iliwapa wanaume wote watu wazima haki ya kupiga kura mwaka 1848. Akina mama wa nchi hiyo walipiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1945. Hesabu mwenyewe: hiyo ni miaka 97 ya kungoja! Basi tujiulize, ni nani aliyekuwa ameufunga mlango? Na waliokuwa nje walibisha hodi namna gani?

1. UTOTO NA MASOMO

Louise alizaliwa tarehe 25 Januari 1893 katika mji wa Arras, kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mhandisi wa migodi, na mama yake alitoka katika ukoo wa Kiyahudi wa jimbo la Alsace. Baba hakufurahia binti yake kuendelea na masomo ya juu. Hata hivyo Louise alisoma, na mwaka 1914, akiwa na umri wa miaka 21, alipita mtihani mgumu wa kuwa mwalimu wa shule za sekondari.

Mwaka huo huo vita kuu vya kwanza vikaanza. Badala ya kuingia darasani, alijitolea kuwahudumia wakimbizi na askari waliojeruhiwa. Akaanza pia kuandika magazetini, lakini makala zake za kwanza zilitoka kwa jina la kiume. Siku zile mambo ya siasa yalihesabiwa kuwa ya wanaume.

2. GAZETI LA AMANI

Mwaka 1918 alishiriki kuanzisha gazeti la kila wiki lililoitwa L'Europe nouvelle, maana yake "Ulaya Mpya". Baadaye akawa mkuu wake hadi mwaka 1934. Gazeti hili lilihimiza Ufaransa na Ujerumani zipatane, na liliunga mkono chama cha mataifa kilichokuwa na makao yake Geneva, kile kilichotangulia Umoja wa Mataifa wa leo. Mwaka 1930 akaanzisha pia shule ya kufundisha mambo ya amani.

Hitler alipotwaa madaraka Ujerumani mwaka 1933, tumaini hilo lilififia. Louise akaliacha gazeti na kuingia katika kazi nyingine.

Hebu fikiria hali yake. Huyu ni mama ambaye mawaziri walisoma maandishi yake, na waliomjua walimheshimu. Lakini siku ya uchaguzi hakuwa na ruhusa ya kumchagua hata diwani wa mtaa wake. Mwanamume asiyejua kusoma alikuwa na kura. Yeye hakuwa nayo.

3. MLANGO ULIKUWA UMEFUNGWA WAPI?

Hapa ndipo penye somo kubwa, kwa hiyo tuende polepole. Bunge la Ufaransa lilikuwa na nyumba mbili: Baraza la Wabunge na Seneti. Sheria ilihitaji kupita pande zote mbili.

Baraza la Wabunge lilikubali akina mama wapige kura tangu mwaka 1919. Mswada ukapelekwa Seneti. Huko ukakaa mpaka mwaka 1922, ndipo maseneta wakaukataa kwa kura 156 dhidi ya 134. Tangu hapo wabunge walirudia kusema ndiyo zaidi ya mara moja, na kila mara Seneti iliuweka mswada kando.

Maseneta walikuwa na sababu gani? Wengine walisema mahali pa mwanamke ni nyumbani, na ati akianza siasa watoto na mume watakosa matunzo. Wengine, hasa wa chama cha Radical, waliogopa Kanisa. Walidhani mama akitoka kuungama atapiga kura kama padre alivyomwambia. Ukiangalia vizuri, hofu hizi mbili zina mzizi mmoja: kuamini ya kwamba mwanamke hana akili yake mwenyewe.

Tena maseneta hawakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Walichaguliwa na madiwani na wajumbe wengine, na kila mmoja alikaa miaka 9. Kwa hiyo hasira ya wananchi haikuwatisha sana.

4. KAMPENI YA MWAKA 1934 HADI 1936

Louise hakuwa wa kwanza. Mwaka 1880 mama mwingine, Hubertine Auclert, alikataa kulipa kodi akisema asiyepiga kura asitozwe. Tena tangu mwaka 1909 kulikuwa na chama kikubwa cha wanawake kilichodai kura kwa barua, mikutano na mashauriano. Kazi yao ilikuwa nzuri, lakini magazeti hayakuijali.

Louise, kwa vile alikuwa mwandishi, alijua gazeti linatafuta nini. Linatafuta picha na kichekesho. Mwaka 1934 akaunda chama kilichoitwa La Femme nouvelle, yaani "Mwanamke Mpya", na kufungua ofisi katika barabara maarufu ya Champs-Élysées, Paris. Akawaalika marubani wa kike waliojulikana nchini, kama Maryse Bastié na Hélène Boucher. Mtu aliyesema mwanamke ni dhaifu angejibu nini mbele ya mama anayeendesha ndege?

Mwezi wa Mei 1935 ulikuwa wakati wa uchaguzi wa madiwani. Louise na wenzake wakaenda mtaa wa Montmartre, Paris, wakaweka maboksi ya kofia kama masanduku ya kura, wakawakaribisha wapita njia wapige kura za mfano. Mwaka 1936 akagombea tena kwa njia hiyo hiyo katika uchaguzi wa wabunge, ingawa sheria haikumtambua.

Mwezi wa Juni 1936 akina mama hao walikwenda kuwakabili maseneta. Hawakwenda na mawe. Walikwenda na soksi! Kila zawadi ilikuwa na ujumbe wa kuwatuliza: hata mkitupa kura, soksi zenu zilizotoboka zitaendelea kushonwa. Watu wakacheka, na waliochekwa hawakuwa akina mama. Hoja ya Seneti ilikuwa imewekwa hadharani, kila mtu aione udogo wake.

Mwaka huo huo Waziri Mkuu Léon Blum aliwateua wanawake watatu kuwa mawaziri wadogo. Walikuwa serikalini, lakini hawakuwa na kura. Mwezi wa Julai Baraza la Wabunge likakubali tena, karibu wote kwa pamoja. Seneti haikuujadili mswada.

5. KURA ILIPATIKANA VIPI

Tuseme ukweli: kampeni ya Louise haikuleta kura mwaka ule. Baadhi ya akina mama wa vyama vya zamani walimwona kama mtu wa vituko na wa kujitangaza. Mwishoni mwa mwaka 1938 yeye mwenyewe aligeukia kazi ya kuwasaidia wakimbizi, wengi wao Wayahudi waliomkimbia Hitler.

Kisha vita vikaja. Bunge lile la zamani likaanguka, na Seneti yake pia. Akina mama wengi wakashiriki katika upinzani wa siri dhidi ya Wajerumani. Mwezi wa Machi 1944, huko Algiers, wajumbe wa Ufaransa huru walipiga kura 51 dhidi ya 16 kwamba wanawake wachague na wachaguliwe. Amri ikatiwa sahihi tarehe 21 Aprili 1944. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Aprili 1945, akina mama walipanga foleni kuchagua madiwani. Mwezi wa Oktoba wanawake 33 wakaingia bungeni.

Hata hivyo kura haikumaliza kila kitu. Mke wa Ufaransa aliweza kufungua akaunti ya benki bila ruhusa ya mumewe baada ya sheria ya mwaka 1965 tu.

6. UZEE WENYE MATUNDA

Mwaka 1979 wananchi wa nchi 9 za Ulaya walichagua bunge lao la pamoja kwa mara ya kwanza. Louise, akiwa na miaka 86, alichaguliwa. Kwa kuwa alikuwa mkubwa wa wote kwa umri, ndiye aliyefungua kikao huko Strasbourg tarehe 17 Julai. Kisha akamkabidhi kiti Simone Veil, mama aliyenusurika kambi ya mauaji ya Auschwitz, ambaye wabunge walimchagua kuwa rais wao. Louise alifariki tarehe 26 Mei 1983. Leo jengo kubwa la bunge hilo lina jina lake.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, ujue mlango umefungwa wapi. Wabunge walikuwa wamekubali zamani. Kuwapigia kelele wao kungekuwa kupoteza nguvu. Louise alizipeleka soksi mahali penyewe.

Pili, tumia ulicho nacho. Boksi la kofia na soksi ni vitu vya nyumbani.

Tatu, kazi ya haki ni ya wengi na huchukua muda. Hubertine Auclert alikufa mwaka 1914 bila kupiga kura hata moja. Tusimdharau anayepanda asichokivuna.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kuna jambo gani ambalo kikundi chenu kimeomba kwa muda mrefu bila kujibiwa? Nani hasa ndiye anayelizuia?

2. Je, kuna watu ambao tunawanyima nafasi ya kusema kwa sababu tunadhani watafuata tu maneno ya wengine?

3. Kati ya njia ya barua na mashauriano, na njia ya Louise, ipi ingefaa kwa jambo lenu? Au zote mbili? Toeni sababu.